Msoma Joto

Kazi yangu ni kusoma. Si vitabu.
Nasoma namba nyekundu vifuani mwa makontena
yadi ya Kilindini, upande wa makasha baridi,
saa nne usiku hadi kunapokucha,
tochi kwapani, kalamu sikioni,
mwilini koti zito la mtumba wa Kongowea,
lililoshonewa nchi ya theluji likaniangukia mimi.

Parachichi, nyuzi tano. Sawa.
Samaki, ishirini chini ya sifuri. Sawa.
Maua yataka mbili, hayataki tatu,
kama bibi harusi anayeogopa jasho.
Dawa ya sukari kutoka ng'ambo: hapo nasimama,
nasoma mara mbili,
kwani mamangu hujidunga hiyo hiyo kule Chaani
na friji yetu ni mtungi.

Wanangu huniuliza, mama, wafanya kazi gani?
Nalinda baridi.
Huanguka kicheko. Mji huu
ambao watu hulala sakafuni, mlango wazi,
mama yao alipwa kulinda baridi!

Nami nalindwa.
Juu ya mlingoti kuna jicho la kioo,
na nyuma ya jicho yumo Kombo na skrini zake kumi na sita.
Nikikaa kitako dakika saba, redio hukohoa:
"Nyevu, umelala?"
Kombo naye ana anayemhesabu.
Mwisho wa msururu huu simjui ni nani,
ila usiku hayupo hapa. Hilo nalijua.

Sasa, usiku ule wa Jumanne,
safu ya tisa,
kabla sijaiona namba nilisikia kimya.
Makasha hunguruma yote pamoja, ukizoea huyasikii;
unalolisikia ni lile lililonyamaza,
kama mtoto aliye chumba cha pili.
Namba: kumi na tisa. Ilitakiwa tatu.
Plagi ilikuwa chini kwenye zege, imechomolewa.
Mtu alihitaji tundu, akachagua.
Nikaandika: *saa tisa na dakika kumi na mbili,
limekutwa limezima, nyuzi kumi na tisa.*
Nikachomeka. Likatetemeka, likashika mngurumo,
na namba ikaanza kushuka
bila haya.

Asubuhi Mwakio, msimamizi, na kikombe chake cha tangawizi:
"Nyevu, hapa andika tatu."
Ilikuwa kumi na tisa.
"Ilikuwa. Hebu nenda kaisome sasa."
Nikaenda. Tatu. Safi, haina hata doa.
Ndivyo ilivyo namba, hukumbuki nayo jambo,
haijui ilikolala jana.
Aliyejua ni mimi, na karatasi.
Akanisogezea kichupa cha wino mweupe,
taratibu, kama mtu anayekukaribisha asali.

Nikatazama juu kwenye jicho. Siku hiyo, ya kwanza na ya pekee,
niliomba Kombo awe ananitazama.
Nikaukumbuka mtungi.
Mama hutia mkono ndani, huinua kichupa kwenye mwanga,
husema, bado nzima hii.
Hana namba ya kusoma. Anaamini tu
kwamba huko ilikopita kuna mtu alisoma.

Wino sikuugusa.
Sikusema neno kubwa lolote pia, msinikuze;
nilisema, "Mkono wangu umechoka, Bwana Mwakio,"
nikatia saini yangu chini ya kumi na tisa
nikaenda kupanga foleni ya feri.

Tangu mwezi huo niko yadi ya makasha matupu.
Hakuna umeme huku, hakuna namba, koti nimemwachia jirani.
Napita safu kwa safu, na kila moja
naligonga kwa fundo la kidole. Mazoea.
Redio inakohoa.
"Nyevu, wagonga nini? Kwani mna nini humo?"
Hamna kitu, namjibu.
Naligonga la pili.
Nahakikisha.