Upana wa Ukucha

Kitabu kilikuja na Bruda, kikabaki Bruda alipokufa.
Mchwa walikuwa wameshaila Misri,
kwa hiyo historia ya dunia, nyumbani kwetu Kilolo,
ilianzia Roma, ukurasa wa arobaini na moja.

Baba hakusoma maneno. Alisoma matao.
Aliweka kidole juu ya picha ya mfereji
uliobeba maji angani, juu ya bonde,
tao juu ya tao juu ya tao,
akasema: "Hawa walikuwa na tanuru kama letu.
Angalia tofali. Jembamba, lakini limeiva."

Kamati ya ujenzi ilitaka linta ya zege,
nondo nne, mambo yaishe.
"Nondo huliwa na kutu," alisema Anisetus Nyaulingo,
fundi wa parokia, baba yangu.
"Tao halina cha kuliwa.
Kila tofali linataka kuanguka,
na jirani yake naye anataka kuanguka,
wanakutana njiani, wanabanana,
na kubanana huko ndiko kanisa."
Mama akadakia toka jikoni:
"Ndiko ndoa."

Kurasa za mbele zilikuwa na baridi.
Kuta nene, madirisha membamba,
watakatifu warefu, vichwa vimeinama kidogo,
hawana haraka.
Niliwapenda hao. Walifanana na sisi asubuhi ya Juni,
blanketi limefungwa kifuani, ukungu umeingia hadi mafigani,
uso unatazama mbele bila kujieleza.
Na nyuma yao dhahabu, dhahabu tupu,
kana kwamba mchoraji hakujua mbingu ni ya bluu,
au alijua, akakataa.

Dhahabu hatukuwa nayo.
Shangazi Perpetua
(jina la shahidi ambaye Warumi walimtupia ng'ombe mwitu;
yeye ana ng'ombe wawili, wapole)
alipita vilabuni na gunia, akiokota chupa,
akazivunja kwa mchi, akazibandika
kipande kwa kipande nyuma ya altare:
Kristo mwenye joho la kahawia, ukingo wa kijani.
Paroko hakuuliza joho lilinywewa kilabu gani.
Kwa mduara wa nuru, kichwani,
alitumia sahani za harusi yake, zile za maua ya manjano.
Harusi yenyewe ilishavunjika siku nyingi.

Siku ya kutoa kiunzi watu walisimama nje,
kwenye mianzi ya ulanzi iliyoinamiana juu ya njia
ikafanya tao lake bila kumwuliza mtu.
Mwenyekiti wa kamati alisimama mbali zaidi.
Baba aliingia na kigoda na kikombe,
akaketi katikati, chini kabisa ya tao,
akanipa mimi nyundo.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
"Gonga kabari. Kushoto moja, kulia moja.
Usipendelee."

Niligonga.
Vumbi.
Sauti ya mtu mzima anayeketi baada ya safari.
Tao lilishuka upana wa ukucha,
likatulia.
Ulanzi kikombeni ulicheza duara moja.
Baba aliunywa.

Leo niko juu ya ngazi, pimamaji mfukoni,
mwiko wake mkononi, mpini umeshika umbo la kiganja
ambacho si changu.
Nimeuona: ufa mwembamba kama unywele,
pale tofali la kati lilipochagua mahali pake.
Chini, kamati mpya imeinua shingo,
inataka niuzibe kabla askofu hajafika.

Nimewaambia saruji imekwisha.

Kitabu nacho, mchwa wamevuka Roma,
wako katikati ya watakatifu, wanatafuna polepole
ile dhahabu.