Ile Baridi

Kisanduku changu kina ampu arobaini,
zote za kuigiza, hakuna yenye kifua.
Ya arobaini na moja niliifuma mwenyewe:
ile ya marehemu Abuto, ya harusi za Ahero,
spika imechanika, inakohoa kwenye besi.

Kibuye, kwa fundi Ogweno,
kati ya redio zilizopasuliwa matumbo:
"Hii ya valvu ina asali yake."
Nzito, ikaniunguza kidole.
"Hii baridi. Unachoipa ndicho inachosema."

Nikapiga mstari mmoja wa benga.

Ya valvu ikaupamba, ikaupaka mafuta.
Ile baridi
ikakohoa.

Nikatoa noti zote, na deni la mia tano.
Ogweno akacheka: "Unanunua isiyoongeza kitu?"

Ndiyo. Mjumbe asiyejitilia neno
hauzwi rahisi.