Kilo Mbili

"Lala chali," akaniambia siku ya kwanza,
na juu ya kitovu akaniwekea pakiti ya unga, kilo mbili.
"Iinue bila mikono."
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimekuja kuimba.
Darini mjusi alinitazama
kama mkaguzi wa shule.

Mwalimu Respa Kavugwi, sauti ya kwanza,
mtaa wa Okore, Kisumu, nyumba yenye geti la kijani.
Piano yake ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa.
Mchwa, alisema, hula kila kitu na hawapigi makofi.
Noti ya chini kabisa ilikuwa bubu tangu mafuriko;
akiifikia, aliinguruma mwenyewe, akaendelea.

Alizaliwa Maragoli, penye mawe makubwa kuliko makanisa.
Ukikosea noti kule, jiwe hukurudishia;
unajifunza aibu kwanza, kurekebisha baadaye.
Mashindano ya shule, kombe, picha gazetini,
halafu ndege, halafu theluji, miaka tisa Leipzig,
ambako walimpa vijakazi:
fungua mlango, leta barua, toka.

Usiku mmoja, mmoja tu, malkia alikauka koo.
Gauni halikumtosha Respa na hakuna aliyetaka kulipanua.
Basi malkia bubu akatembea kwenye mwanga akifumbua mdomo,
naye akasimama gizani kando ya pazia, na viatu vyake vya baridi,
akamwimba malkia mzima
mpaka anapokufa.
Maua alipewa yule wa kwenye mwanga.

"Ulilia?"
"Nilikula. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.
Mkate mweusi na samaki wa chumvi. Nikakumbuka omena."

Alifundisha watoto wa makarani, muuza mitumba wa Kibuye,
padri mmoja mwenye kigugumizi,
mke wa mwenye hoteli aliyelipa muhula mzima na hakufika.
Ukimsifia mtu kipaji, alikasirika.
"Kipaji? Kila mwenye uso anacho. Nionyeshe mbavu.
Zifungue kama mwamvuli, polepole, usije ukaitisha mvua.
Na sauti si ya koo. Koo ni mlango.
Nani hulala mlangoni?"

Mwaka uliofuata sauti yangu ilivunjika, haikuungika.
Alinisikiliza hadi ubeti wa mwisho, akafunika piano.
"Hutakuwa mwimbaji, Odindo.
Njoo Alhamisi."
Nikaja Alhamisi, miaka minne.
Kila nikiondoka aliitazama mikono yangu mitupu,
kisha ile pakiti sakafuni.
"Huo unga umeshakuzoea. Nenda nao."
Mama hakuuliza hata siku moja
ni somo gani hili linalomlipa mwanafunzi.

Noti zake za juu zilianza kumhama wakati huo,
moja moja, usiku, kama wapangaji wenye deni.
Hakuzifukuzia.
Alizionyesha kwa kidole hewani, pale zilipokuwa zikikaa,
nasi tukapanda.

Siku hizi niko hospitali kuu, dirisha namba nne.
Kipaza sauti kimeharibika tangu Februari.
Naita: Wafubwa. Naita: Chepkoit. Naita: Abade, mama wa mapacha.
Sipigi kelele. Nafungua mbavu,
na jina linakwenda hadi benchi la nyuma kabisa,
linamgusa mwenyewe begani.

Juzi faili ilikuwa imekunjika pembe.
Nikasoma mara mbili.
Pumzi ilinipotea; nikaishukia, chini, chini zaidi,
nikaikuta pale pakiti ilipozoea kukaa.
Nikaliita jina.

Akainuka kwa bakora yake,
akaipita foleni nzima bila haraka,
akaweka kitambulisho dirishani.
"Irabu ya mwisho," akasema,
"umeimeza. Rudia."