Kivumishi

Daktari wa Bombo aliinamisha taa,
akachungulia sikio la baba kama mtu
anayetafuta ufunguo chini ya kabati.
"Mzee Semkiwa, sauti yenyewe ikoje?"

Baba akatazama dari.
"Inavuma."
"Inavuma kama nini?"
Hapo ndipo maneno yalipomwishia.

Miaka ishirini na sita alilisha korona kule Pongwe.
Nasema korona mashine, ile ya kuchuna mkonge,
kabla ugonjwa haujaja kuliazima jina bila kuomba.
Jani linaingia kijani, linatoka nyuzi,
na katikati ni vuuu,
kutwa vuuu, hadi chai ikunje uso kikombeni.
Mashine ilizimwa. Sikio halikuambiwa.

Nikamsaidia, maana mimi ndiye msomi wa nyumba.
Kama mavu, baba? Wale wa darini, waliopewa jina
na mtu aliyekimbia kabla hajalimaliza?
"Mavu wana hasira. Hii haina."
Kama dudumizi?
"Yule hupumzika."
Kama tukutuku ya Mhina?
"Hiyo hupita."
Kama mvumo basi, ule mrefu wa njia ya Muheza,
mti uliopewa jina na upepo?
Akafumba macho. Akausikiliza mti kutoka kitini,
akaupima na wake.
"Ule unavumia nje," alisema.

Niliwahi kuchapwa kwa neno hili. Darasa la nne,
Mwalimu Chambai aliandika ubaoni: KIVUMISHI,
akauliza ni nini, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono:
"Swichi ya korona, mwalimu."
Darasa zima likavuma.
Kumbe ni neno la kulipamba jina: refu, jeusi, kali.
Na leo, mbele ya koti jeupe,
sikupata hata kimoja.

Tuliporudi Makorora habari ilikwisha kututangulia kwa baiskeli.
Kwa Bi Zaharia muuza mihogo, baba ana jini la Kipemba.
Bombani, anazungumza na marehemu.
Hadi magharibi, dukani, marehemu kamtajia namba ya bahati nasibu,
na watu wawili walibisha hodi kuja kuiomba.

"Wanasemaje?"
Nikainamia sikio lake zima, nikamwaga yote.
"Na huo unaitwaje?"
"Uvumi, baba."
Alicheka hadi akakohoa.
"Basi nao wana wa kwao.
Wangu umetosheka na sikio moja.
Wao wameupa mtaa mzima na bado unadai."

Usiku mbu aliingia chandaruani.
Mimi nilimsikia. Mama alimsikia, akasonya.
Baba alikaa kitako gizani,
mkono juu,
kiganja wazi,
akichagua.