Daftari la Roshani

Saa moja asubuhi ni yangu.
Saa moja jioni ni ya wifi yangu, Lamara.
Kati yetu pana roshani ya mbao inayolia kila ubao,
kamba ya nguo,
na miaka sita ya kimya
iliyoanza na piano ya marehemu:
mume wangu, kaka yake.
Mimi niliiuza. Yeye aliilia.

Bichiko hakuulizwa yuko upande gani.
Alikula kwangu, akalala kwake,
akanenepa kwa nyumba mbili kama mtoza ushuru,
mpaka alipoanza kunywa maji
kama anayezima moto tumboni,
na mchanga wa sanduku lake ukawa tope.
Daktari Zviad alimbonyeza mbavu, akasema: kisukari.
Sindano mbili kwa siku, saa kumi na mbili baina yake,
na kila moja iandikwe.

Lamara akanunua daftari la jalada la kijani.
Mimi nikafunga kalamu kwa uzi.
Likatundikwa msumarini katikati ya roshani,
pale mpakani.

Nina miaka sabini na mmoja, na nimekuwa mwanafunzi.
Chupa ya insulini haitikiswi;
hubingirishwa viganjani kama yai unalolipasha.
Paka hula kwanza.
Ukingo wa sikio hupashwa kwa soksi yenye mchele wa moto,
kisha unachoma, unangoja
tone dogo kama kichwa cha pini,
mashine inalinywa, inawaza, inasema.
Ngozi ya shingo ukiivuta husimama kama hema,
na sindano huingia humo
bila hodi.

*14.2. Yuniti mbili. Amekula.* Mwandiko wangu.
*11.8. Yuniti mbili. Amenuna.* Wake.
Januari, theluji juu ya paa za Sololaki: *9.6.*
Februari: *Amekula panya wa jirani. Panya ana sukari kiasi gani?*
Nilicheka, nikaziba mdomo
asije akanisikia ukutani.

Kisha jioni moja ya Machi umeme ukakatika.
Saa mbili nilipapasa mpaka msumarini na tochi:
ukurasa mtupu.
Nikasema moyoni, ndiyo kawaida yake,
nikachoma.
Sikupima. Kiburi hakipimi.

Kumbe alikwisha kuchoma gizani,
akaenda kutafuta mshumaa ndipo aandike,
akasinzia kitini.

Saa nne umeme ulirudi, nikamwona Bichiko
akitembea kama mlevi atokaye harusini,
akiutazama ukuta asiuone.
2.3.
Nilipiga ukuta kwa ngumi. Nikaita jina
nililolitaja mara ya mwisho penye jeneza.
Lamara alikuja nywele wazi, kiatu kimoja,
na asali mkononi. Hakuuliza kitu.
Alichovya kidole, akampaka kwenye fizi,
tena, na tena,
huku mimi nimebana simu begani
na Zviad akitusimamia kutoka kitandani mwake.

Tulikaa sakafuni jikoni mpaka alfajiri.
2.9. 3.4. 3.1, tukatazamana. Asali tena.
4.8.
Masikio ya maskini yule yalikuwa na vitone
kama kitambaa cha mshonaji.

"Ile piano ilikuwa na funguo tatu zilizokufa,"
alisema, akimwangalia paka.

"Nne," nikasema.

Akahesabu kwa vidole hewani, akicheza wimbo usio na sauti,
akafika mahali, akasimama.
"Nne," akakubali.

Saa moja asubuhi, saa yangu: 16.7.
Zviad alisema tusichome, tungoje jioni.
Bichiko alikuwa bakulini, akitukaripia,
asali imekauka kidevuni.
Daftari limeongezewa safu: *kwanza andika, ndipo uchome.*
Habari ya fedha za piano
bado hatujaigusa.