Stakabadhi

Alikuja Jumanne, theluji ingali kwenye ukingo wa kofia,
akagonga dirisha langu dogo kwa pete ya ndoa ya pili.
"Nimefuata vyangu," akasema,
kama mtu aliyeacha viatu kwa fundi.

Miaka kumi na mmoja nilivitunza
chini ya mahakama ya kaunti, huku Nebraska,
baina ya bomba la mvuke na masanduku ya kura.
Kielelezo namba tatu: glovu za ngozi, jozi moja.
Namba saba: nyundo.
Namba tisa: koti la sufu, limekatwa begani na watu wa maabara;
kipande hakikurudi.

Nikampa fomu. Asiye na hatia hudai mali yake.
Orville Hruska akaandika jina polepole,
mwandiko wa mtoto aliyewahi kusifiwa na mwalimu,
kisha akaipima nyundo kiganjani, akacheka kwa pua.
"Hii mliionea bure," akasema. "Haikumgusa Ludmila.
Yenyewe imo kisimani kwa Pospisil,
kile kilichozibwa kwa mbao.
Kaangalieni, mkipenda."
Akaikunja nakala yake ya waridi, akaitia mfukoni.
"Msalimie mama yako, Bi Vrbka."

Walikwenda. Waliikuta
imeviringishwa katika aproni ya maua ya bluu
aliyoshonewa Ludmila na mama yake, kwa Pasaka.

Mwendesha mashtaka, si yule wa zamani, huyu kijana,
alikaa mbele ya nyundo hadi kahawa ikafanya utando.
"Kosa moja, kesi moja. Kumi na wawili walishasema hana hatia.
Hata akipanda mimbari Jumapili aseme ni mimi,
hatuna mlango wa kumrudishia."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu wetu ulikata hewa, mara moja,
ukatundikwa.

Nami nikashindwa kuulaani.
Namkumbuka Lucius Tibbs, kibarua wa reli,
mweusi pekee mjini mwaka ule ghala la nafaka lilipoungua.
Aliachiwa saa nne. Saa sita sherifu
alishataka ashtakiwe upya, na upya tena,
hadi lipatikane baraza lenye jibu analolitaka.
Ni mstari huuhuu wa wino uliosimama mlangoni
ukasema: basi.
Niliuchapa mimi. Usiku ule nililala vizuri.

Sasa unasimama mlangoni kwa Hruska.
Ananunua mbegu za mahindi, analalamikia bei.
Dukani humpisha. Hakuna anayemsalimu,
wala hakuna anayekataa pesa yake.

Bi Kostal alikuja kabla ya chakula cha mchana.
Hakuvua skafu.
"Hiyo mara moja yao," akaniuliza, "ni ipi?
Mimi nashtakiwa kila alfajiri.
Kwa nini ulimwoza. Kwa nini hukusikia.
Ulipoona shingo yake imevilia damu,
kwa nini ulikubali kuwa ni ng'ombe?
Jioni naachiwa. Kesho naitwa tena."

Sikuwa na fomu ya hilo.

Alitaka aproni.
Haikuwa kielelezo, maana kesi haipo;
basi kwa mujibu wa sheria ni mali ya marehemu,
na mrithi wa marehemu ni mume.
Nilisoma kifungu mara mbili. Mume.
Nikafungua daftari, nikaandika:
kitambaa, kimoja, kimeoza, kimetupwa.
Huo ndio uongo pekee katika mwandiko wangu.
Wakitaka, wanishtaki. Mara moja.

Aliikunja mikunjo minne, kama ya kupigwa pasi,
na tope kavu la kisimani
likabaki juu ya meza yangu hadi Ijumaa.