Kidole cha Mwisho

Walukuba, Jinja, kibanda cha video cha Mugoya:
magunia dirishani kuzuia jua,
kiingilio shilingi mia tano,
nami mlangoni na kopo la rangi lililokauka
nahesabu sarafu kwa kuzisikiliza.

Wiki ile tulionyesha majambazi wa Kijapani,
suti nyeusi, joka limechorwa mgongo mzima,
sehemu ya saba. Mugoya, maikrofoni mdomoni,
akatafsiri lugha asiyojua hata salamu yake:
"Bosi anasema, deni la damu halina risiti!"
Nadhani bosi alikuwa akiagiza chai.
Nani angelalamika?

Kisha yule kijana mkosaji akapiga magoti.
Kitambaa cheupe. Kisu kifupi.
Zeze likalia mbali,
na kidole cha mwisho kikatoka
kama kifungo cha shati.
Tone moja la damu. Moja! Uso haukutikisika.
Ukumbi ukashusha pumzi: "Hao ndio wanaume."

Benchi la nyuma, Ofwono akacheka,
kicheko cha mtu aliyekuta jina lake
limeandikwa vibaya kwenye cheti.
Akainua mkono wa kushoto mbele ya projekta,
kivuli kikamfunika bosi usoni:
vidole vinne.

"Changu kilibaki kwenye kinu cha miwa, Kakira,
saa kumi alfajiri. Kitambaa gani?
Nilimwita mama, na mama alishazikwa.
Msimamizi akauliza kwanza kama rola imeharibika.
Sukari ya siku ile
sijui ilikorogwa kwenye chai ya nani."

Kimya. Jenereta tu.
Mugoya akakohoa, akamrudia bosi wake:
"Bosi anasema, pole kijana...
lakini rola, imeharibika?"
Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka,
mmoja mmoja, kama taa za mtaa zinavyokatika.

Tangu hapo, katika Walukuba peke yake,
jambazi yule wa Kijapani humlilia mama yake.
Mdomo wake kwenye pazia umefumbwa;
sauti inatoka tu, ya Mugoya, imepasuka.

Ofwono amerudi mara tatu.
Nikimrudishia sarafu yake, hataki.
Jana aliinama kwenye kopo langu, akanong'ona:
"Mugoya anasema usiku wa manane.
Ilikuwa saa kumi alfajiri. Mwambie arekebishe."

Nilimwambia.
Akasema manane inasikika vizuri zaidi.